Mkono wa Kushoto wa Bi Mwanahija

Kwa muda wa miaka thelathini na mmoja, wanawake waliofariki katika mitaa ya Kilwa Kivinje walipita mikononi mwa Bi Mwanahija binti Saad kabla ya kuingia kaburini. Kazi hiyo hakuiomba. Alirithishwa na mama mkwe wake, ambaye miongoni mwa wake wa wanawe wanne alimchagua yeye kwa sababu moja tu: hakuwa na maneno mengi. Yule bibi aliamini kuwa mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kufundishwa kuchimba ufuo, yaani handaki dogo la kupokea maji chini ya kitanda cha maiti. Anaweza kufundishwa kuanza upande wa kulia, kuhesabu maji, kuponda majani ya mkunazi na kuchanganya kafuri. Kunyamaza hakufundishiki. Muosha huona kovu, huona uvimbe, huona alama ya kipigo ambayo hata jirani wa ukuta mmoja hakuijua, na yote hayo hana budi kuyaacha mle chumbani yaende na maji.

Alipofikisha miaka sitini na mitatu, Bi Mwanahija aligusa kitu kigumu, kadiri ya korosho moja, chini ya titi lake la kushoto. Alikaa nacho miezi minne bila kumwambia mtu, kwa tabia ile ile ya kunyamaza ambayo safari hii nusura imwangamize. Binti yake Samia, mwalimu wa sekondari huko Kilwa Masoko, ndiye aliyemkuta akijikanda kwa maji moto, akamuuliza, akamwona, akampeleka Dar es Salaam. Huko alikatwa titi, akatundikiwa dawa zilizomnyonyoa nywele zote kichwani, akachomwa mionzi, na baada ya miezi tisa akarudi nyumbani akiwa hai. Alhamdulillahi, walisema majirani, naye akasema hivyo hivyo. Ila mkono wa kushoto ulikuwa kama haukurudi naye. Uliweza kuinuka kidogo kupita kiuno, kisha ukakwama, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua za masika. Maiti hageuzwi kwa mkono mmoja. Wakaanza kuitwa waosha wengine, wanawake wa makamo wenye nguvu zao, na Bi Mwanahija akawa anakwenda msibani kukaa mkekani kama watu wote.

Pengine angeridhika kukaa mkekani mpaka mwisho wa maisha yake kama si Kijakazi.

Kijakazi alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitano. Walijuana tangu utotoni kama watu wa mji mmoja wanavyojuana, kwa salamu na kwa vitumbua, maana Kijakazi alivikaanga sokoni miaka mingi na ulimi wake ulikuwa moto kuliko mafuta yake. Urafiki wao ulianza wodini, Dar es Salaam, walipojikuta wamelazwa vitanda vya jirani, mmoja amekatwa titi la kushoto, mwingine la kulia. Adhuhuri moja wauguzi walipofungua bandeji, Kijakazi alijitazama kifua kwa mara ya kwanza. Alijitazama kwa muda mrefu. Muuguzi alipoondoka na sinia lake, aligeukia kitanda cha pili.

“Mwanahija, titi hili limenyonyesha watoto saba. Sitaki mtu anione hivi halafu akasimulie sokoni. Siku yangu ikifika, unioshe wewe.”

“Kwa mkono huu, dada?”

“Basi uuponye.”

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza unga dukani. Lakini waliporudi makwao aliwaita wanawe, akawarudia maneno yale mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo jambo likawa wasia. Mtu aliyeosha maiti miaka thelathini anajua uzito wa wasia. Bi Mwanahija aliyepoteza titi bila kulia hadharani alianza sasa kuutazama mkono wake kama deni la Mungu, akijiuliza kama atauponya kabla Kijakazi hajauhitaji.

Njia ilipatikana kwenye simu. Skolastika, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye wazee walimwita daktari tu ili kufupisha mambo, alikuwa amechoka kuona wagonjwa wa kusini wakimaliza matibabu na kupotea, kwa kuwa safari ya Dar haikuwa jambo la mtu mzima kufanya kila mwezi. Aliwakusanya waliokuwa tayari, watu wanane waliopona saratani za namna mbalimbali, wote wamepita miaka sitini, akawa anawapigia simu ya video kwa pamoja kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu, baada ya alasiri. Kijakazi, ambaye wakati huo alikuwa anaishi kwa binti yake Moza huko Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi, ndiye aliyemwingiza Bi Mwanahija. Samia alikuja siku ya kwanza akamwonesha mahali pa kubonyeza, akamwachia simu imeegemezwa kwenye birika.

Kioo kile kidogo kiligawanyika vyumba tisa kama sanduku la mganga. Katika chumba kimoja alisimama Mzee Nikodemo wa Likawage, mkulima wa miaka sabini na minane aliyetibiwa tezi dume. Kijijini kwake mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu katikati ya shamba lake la korosho, kwa hiyo mazoezi yote aliyafanyia huko juu, kofia kichwani, akijishikilia mti asije akaporomoka. Katika chumba kingine alikaa Mzee Maftaha wa Songo Songo, ambaye saratani ya koo ilimchukulia sauti. Yeye alisema kwa mikono na midomo, na watu walimwelewa. Kijakazi alikuwa na chumba chake, ambamo hakunyamaza. Na chumba cha Bi Mwanahija kilionesha boriti.

Hakuona namna nyingine. Kundi lilikuwa na wanaume, naye hakuzoea kuinuainua mikono na kunyoosha kiuno mbele ya wanaume asiowajua. Alichofanya ni kuilaza simu mezani kioo kikitazama juu, kisha akasimama kando akisikiliza. Skolastika aliheshimu jambo hilo. Mzee Nikodemo hakuliheshimu hata kidogo. Yeye alijihesabu mtani wa watu wote wa pwani, na kila kipindi kilipoanza, baada ya salamu, aliuliza hali za boriti: kama zimelala salama, kama mchwa hawajaanza. Siku moja alisema kwamba sasa anaijua dari ya Kivinje kuliko ya nyumba yake, na kwamba akifa roho yake itapitia huko kwanza. Bi Mwanahija alicheka peke yake, kiganja mdomoni, asisikike.

Skolastika alikuwa na namna yake ya kufundisha. Aliwataka waegemeze simu ukutani, wasimame mbele yake, wanyooshe mkono uliougua kuelekea nyuso za wenzao kama wanaotaka kuwagusa, kisha wapandishe vidole ukutani polepole, kimoja baada ya kingine, kama buibui anayepanda, hadi mkono utakapokataa. Siku za Jumapili kila mmoja, akiwa peke yake, aliupima mkono uliougua na kuweka alama ya mkaa mahali vidole vilipoishia. Jumanne walisomeana maendeleo yao. Alama ya Kijakazi ilipanda kwa upana wa vidole vinne katika mwezi wa kwanza. Mama mmoja wa Nangurukuru alitangaza kwamba ameweza kujifunga kilemba bila msaada, na watu wakampongeza kama aliyefaulu mtihani.

Alama ya Bi Mwanahija haikusogea. Wiki ya nne, wiki ya nane, wiki ya kumi na mbili, mkaa ulikuwa palepale, umekolea kwa kurudiwa hadi ukawa doa. Hakukosa kipindi. Alitoka jasho. Alisema ukweli kila Jumanne kwamba hali ni ile ile, kwa sauti ndogo, na alizima simu akiwa na aibu ya mwanafunzi mzito. Usiku alijiuliza kama kuna kosa alilofanya katika maisha yake ambalo mkono ule unalilipia.

Katika wiki hiyo ya kumi na mbili Moza alimpigia kwa faragha. Mgongo wa mama yake ulikuwa unauma tangu mwezi uliopita, wakaenda kupiga picha, na madaktari wamesema ugonjwa umerudi, umeingia mifupani. Dawa za kutuliza zipo. Za kuponya hawakuzitaja. Bi Mwanahija aliuliza kama mama anajua, Moza akajibu kwamba mama ndiye aliyemwagiza apige.

Alhamisi iliyofuata Skolastika alimwomba Bi Mwanahija kitu ambacho hakuwahi kumwomba: ageuze simu, kwa dakika moja tu, amwone anavyofanya. Akaeleza kwamba mkono usiosogea wiki kumi na mbili unamtia wasiwasi, na kwamba asipoelewa sababu itabidi amwite Dar es Salaam. Boriti zilibaki kwenye kioo. Kijakazi, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa kitandani na mito nyuma yake, ndiye aliyeuliza.

“Mwanahija, hebu niambie. Unainua mkono upi?”

“Mkono wangu.”

“Nauliza upi.”

“Wa kulia.”

“Na ulikatwa upande gani?”

“Kushoto, dada.”

Kila mtu alisikia jogoo akiwika mahali fulani, labda Songo Songo, labda Likawage.

“Sasa ningefanyaje?” akasema Bi Mwanahija. “Nimnyooshee Mzee Nikodemo mkono wa kushoto usoni? Mtu mzima kama yule? Na Mzee Maftaha? Siwezi.”

Hakuwa anatania. Tangu alipoanza kutambaa alifundishwa kwamba mkono wa kushoto haupokei, hautoi, hausalimii, wala haunyooshwi kuelekea uso wa mkubwa. Mkono huo una kazi zake za faragha na hapo ndipo unapokaa. Kijakazi alikatwa upande wa kulia, hivyo jambo hilo halikumpitia akilini. Skolastika alikuwa kijana wa leo. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mama wa Kivinje kwamba vyumba vile vya kioo havikuwa baraza la watu. Kwake yeye wazee walikuwamo humo, hata simu ilipolala chali mezani. Na alikuwa na hoja, akaitoa: kidonge humezwa mdomoni kikaponya goti, damu ni moja, mwili ni mmoja, aliamini kwamba mkono wa kulia ukifanya kazi kwa bidii na kwa nia safi, Mungu ataipeleka faida upande wa pili.

Skolastika alifunika uso kwa viganja, na haikujulikana kama analia au anacheka. Kicheko kilitoka juu ya kichuguu.

“Kumbe ni adabu,” akasema Mzee Nikodemo. “Miezi mitatu nasema hawa watu wa pwani wana maringo, hata sura hawatuoneshi, kumbe ni adabu iliyozidi chumvi.” Kisha akaacha kucheka. “Sikiliza, bibi. Katika watu hawa mimi ndiye mkubwa. Tena ni mtani wako, hata ukinitukana siwezi kukununia. Nakupa ruhusa. Ninyooshee huo wa kushoto.”

Hapo hapo aliuachia mti, akanyoosha wa kwake wa kushoto kuelekea kwenye simu, kiganja kilichopasuka kwa jembe kikajaza chumba chake chote. Mzee Maftaha akafuata. Mama wa Nangurukuru akafuata. Kijakazi aliinua wa kwake kutoka kwenye mito. Skolastika naye aliinua. Kioo kilijaa mikono ya kushoto.

Boriti ziliyumba, ukatokea ukuta, kisha ukatokea uso mwembamba wa mwanamke wa miaka sitini na sita, ushungi umebanwa chini ya kidevu. Aliuegemeza mgongo wa simu ukutani. Aliunyoosha mkono. Ulifika kwenye mbavu ukakwama, naye hakuweza kuwa na mkono ule hewani mbele ya watu wazima bila neno la kuusindikiza.

“Shikamooni,” akasema.

“Marahaba,” wakaitikia, na midomo ya Mzee Maftaha ikaitikia bila sauti.

Tangu hapo alama ilianza kusogea. Haikukimbia, misuli iliyolala miaka haiamki kwa siku moja, na Bi Mwanahija alijifunza maumivu ya namna mpya, yenye joto, yanayotoka kwenye kwapa na kushuka hadi kidole cha mwisho. Lakini wiki ya kumi na tano mkaa ulipanda unene wa kidole. Wiki ya kumi na nane ulipanda kidole kingine. Alimweleza Skolastika wasia wenyewe, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu nje ya nyumba ya Kijakazi. Skolastika akauliza maswali ya kazi, kama fundi: kitanda kina urefu gani, mwili unashikwa wapi, unageuzwa mara ngapi, nani yuko upande wa pili. Akamwonya kwamba mkono uliotolewa tezi za kwapani haubebi ndoo wala hauinui uzito peke yake, kwa hiyo lazima awepo msaidizi wa kunyanyua na yeye aongoze. Akamtungia mazoezi yake. Wengine walipokuwa wanapanda kuta, Bi Mwanahija alikuwa anakumbatia gunia la pumba lililolazwa juu ya meza, anapitisha mkono wa kushoto juu yake, analivuta kwake taratibu, analirudisha.

Ndipo likaja jambo ambalo hakulitazamia. Kila alama ilipopanda ukutani Kivinje, habari za Mitwero zilishuka. Mkono ulipofika usawa wa bega, Kijakazi alishindwa kukaa. Ulipopita bega, akaomba arudishwe kwenye nyumba yake ya Kivinje, na kila mtu alielewa maana ya ombi hilo. Bi Mwanahija alikuwa anakwenda kwake kila asubuhi, anamnywesha uji kwa kijiko, anamkanda miguu, anamsikiliza akiwasema waliopita barabarani. Kisha alirudi nyumbani, na ilipofika saa kumi na nusu alilitazama lile gunia na mikono yake ikawa mizito. Ilimjia fikra, na mara ilipokwisha kumjia haikuondoka, kwamba anajifunza kumgeuza rafiki yake ambaye bado anapumua. Kwamba kila siku anayoinua mkono anasema: niko tayari. Na nani aambiwe neno hilo, kama si mauti?

Akaacha. Jumanne ya kwanza alisema mtandao ulikuwa mbaya. Alhamisi hakusema kitu. Wiki ya pili simu ilikuwa kabatini, na bega likaanza kukaza upya.

Mzee Nikodemo ndiye aliyeshtaki. Alimpigia Moza kutoka kichuguuni akalalamika kwamba boriti zimetoroka, Moza, aliyekuja Kivinje kumuuguza mama yake, akampelekea habari. Asubuhi ya Jumanne Bi Mwanahija alipoingia na bakuli la uji, Kijakazi alikuwa anamsubiri macho wazi.

“Nasikia huinui tena.”

Bi Mwanahija akaanza kueleza habari za shughuli nyingi, na mafua, na wageni. Kijakazi alimwacha aishiwe.

“Kwani usipoinua ndiyo sitakufa?”

Uji ulikuwa unapoa. Bi Mwanahija aliuweka chini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema kile alichokuwa nacho. “Nikiinua, naona kama nakuharakisha.”

Kijakazi alifumba macho. “Anayeniharakisha ni aliyeniumba,” akasema. “Wewe huna nguvu hiyo, usijipe. Mimi kwako nataka nguvu ya kunigeuza tu. Na nimekonda hivi nikurahisishie kazi, halafu wewe unaniletea habari za mafua.”

Wote wawili walicheka, na kucheka kulimuumiza Kijakazi mgongo, akaendelea kucheka. Jioni ile alitaka simu iwashwe chumbani kwake. Walifanya mazoezi pamoja. Mmoja alisimama mbele ya ukuta akipandisha vidole, mwingine alilala chali akiinua na kushusha vidole vya mkono mmoja juu ya shuka, kila Skolastika alipohesabu. Walifanya hivyo mara tisa katika wiki zilizofuata. Mara ya mwisho Kijakazi hakuinua kitu, alihesabu tu.

Alifariki Jumatano saa tatu asubuhi. Nyumba ikajaa, mikeka ikatandikwa, wanaume wakaenda kuchimba kaburi. Waosha wawili waliokuwa wakiitwa siku hizi walifika kwa heshima, wakamwambia Bi Mwanahija kwamba wako tayari kumpokea mzigo. Musa, mtoto mkubwa wa marehemu, alimwita Bi Mwanahija kando ya ukumbi. Aliujua wasia, akasema, alikuwapo ulipotolewa. Lakini mama mdogo asimfikirie vibaya, anauogopa ule mkono. Hakuweza kuimalizia sentensi yake, kwa sababu ilihusu mama yake kuponyoka na kuanguka. Bi Mwanahija alimjibu kwamba utatosha. Hakuwa na hakika. Alisema hivyo kwa kuwa kulikuwa na mtu mle chumbani asiyeweza tena kuudai wasia wake mwenyewe. Akawaomba wale wanawake wawili wabaki nje ya pazia, akamchukua Moza peke yake.

Ufuo ulikuwa umeshachimbwa. Akafunika mwili kwa kanga kutoka kifuani hadi magotini, akajifunga kitambaa kwenye kiganja, akaanza. Mkono wa kulia ulishika bega la marehemu, wa kushoto ukapita juu ya tumbo, ukakandamiza taratibu, ukasafisha palipotakiwa kusafishwa, chini ya kanga, bila jicho kufuata. Moza alimimina maji. Wakaosha upande wa kulia. Ulipofika wakati wa upande wa kushoto ilibidi marehemu ageuzwe kwa ubavu wa kulia, na hapo mkono wa kushoto wa Bi Mwanahija ulitakiwa kupanda, kuvuka, kushuka nyuma ya bega la pili, na kuvuta.

Ulipanda ukakwama.

Moza alimtazama juu ya mwili wa mama yake, kata ya maji hewani. Nje ya pazia mmoja wa wale wanawake alikohoa. Bi Mwanahija hakulazimisha. Alishusha pumzi yote aliyokuwa nayo, akangoja, akavuta nyingine, na alipoishusha hiyo ya pili mkono ulisogea, ukavuka, vidole vikashika. Akampa Moza ishara kwa kichwa. Wakamgeuza Kijakazi pamoja, polepole, kama wanavyogeuzwa watoto wachanga, na akageuka, akalala kwa ubavu, maji yakapita mgongoni mwake.

Walimwosha mara tatu, ya mwisho kwa kafuri. Aliyoyaona Bi Mwanahija siku ile hakumwambia mtu, na hapa pia hayatasemwa.

Sanda ilipokwisha kufungwa na wale wanawake wawili wakaruhusiwa kuingia, alikwenda uani kuoga, kama inavyompasa muosha. Akafunga mlango wa bafu. Akajaribu kulivua gauni lililolowa, na mkono wa kushoto ukakataa kabisa. Ulikuwa umemaliza kila kitu ulichokuwa nacho, unaning'inia, unatetemeka tangu begani. Alijaribu kwa meno. Alisimama pale amefungwa ndani ya nguo yake mwenyewe, maji yanamdondoka, na tangu Dar es Salaam hakuna macho yaliyomwona kifua, hata ya Samia.

Moza akabisha mlango akauliza kama yuko salama.

Bi Mwanahija alisikiliza miguu ya watu barazani na sauti ya Musa akiuliza kama jeneza limefika. Akafungua komeo. Moza aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akaona hali ilivyo. Hakusema pole. Alilishika gauni kwenye pindo akalipandisha, akautoa mkono mzima kwanza, kisha kichwa, kisha ule wa kushoto, akiufuata kwa nguo badala ya kuuvuta. Kovu lilikuwa wazi kati yao. Moza alichota maji, akayajaribu kwanza kwa kiwiko, akaanza kummiminia upande wa kulia. Alipofika kushoto, kiganja chake kilipita juu ya kovu kwa uzito ule ule uliopita begani, hakikuruka wala hakikukawia.

“Nani alikufundisha?” Bi Mwanahija akauliza.

“Si wewe, sasa hivi?”

Moza alimfuta, akamvika gauni kavu, akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Kisha wakatoka, maana wanaume walikuwa wameanza kuita.